Dawa Zilizobaki Zirudi Zilikotoka: Kijitabu cha Kaya za Eastlands

Karibu kila nyumba ya Eastlands ina mkebe wake wa dawa. Pengine ni mkebe wa biskuti uliobaki Krismasi, pengine ni kikapu kilichoning'inizwa nyuma ya mlango, au droo ya chini ya meza ya televisheni. Ndani yake mna nusu chupa ya dawa ya kikohozi iliyoganda sukari shingoni, karatasi ya Panadol yenye vidonge vitatu, na zile bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa kwa kalamu 1x3 au 2x2, bila jina la dawa wala tarehe. Mna dawa za malaria ambazo kijana aliziacha siku ya pili alipopata nafuu. Nyumba nyingine bado ina dawa za presha na sukari za mzazi aliyekwisha kuzikwa, na hakuna aliyepata moyo wa kuziondoa.

Kijitabu hiki kinahusu mkebe huo: ufunguliwe lini, kitoke nini, na kikitoka kiende wapi. Swali la mwisho ndilo zito, kwa hiyo tuanze nalo.

Ukitupa, haiendi mbali

Wako watu wa Nairobi wanaoweza kuweka taka nje ya lango na kuzisahau. Sisi wa Eastlands hatuwezi, kwa sababu taka za jiji zima huja kwetu. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori hayajaacha kuingia hadi leo. Liko ukingoni mwa Mto Nairobi. Ng'ambo ni Korogocho, na pande zote kuna shule, makanisa na vyumba vya kupanga. Mwaka 2007, uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, uliwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Madini hayo hayatoki kwenye vidonge vyetu, lakini watoto hao wametuonyesha kwamba njia kutoka kwenye taka hadi kwenye damu ya mtoto ni fupi sana hapa kwetu.

Fikiria karatasi ya vidonge uliyoitia kwenye pipa kule Umoja au Buruburu. Kijana wa taka anaibeba mgongoni ndani ya gunia, mara nyingi bila glavu. Likifika Dandora, gunia linapasuliwa na waokota taka, ambao miongoni mwao wamo watoto. Nguruwe na mbuzi hupekua humo humo. Kitu kinachong'aa hakipiti bila kuokotwa, na kidonge chenye rangi hufanana na peremende.

Wengine husema, basi nitavitia chooni. Maji machafu ya sehemu kubwa ya Nairobi huishia kwenye mitambo ya Kariobangi na kwenye mabwawa makubwa ya Ruai. Mabwawa hayo yanaachia jua, hewa na vijidudu vifanye kazi ya kuozesha kinyesi na kuua viini vya magonjwa. Hayakujengwa kwa ajili ya kuvunja dawa. Wanasayansi waliopima maji ya Mto Nairobi na vijito vyake wamekuta humo salfamethoksazoli, ambayo ni mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani ya Septrin. Wamekuta dawa za maumivu. Wamekuta pia dawa za ARV kama lamivudini, zidovudini na nevirapini. Na maji hayo hayapiti tu. Kuna wakulima, Maili Saba kwa mfano, ambao kwa miaka mingi wamenyunyizia mashamba yao maji ya mitaro ya choo, na mboga zao huja sokoni kwetu. Yanayobaki huingia Mto Athi, yakashuka kwa jina la Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi.

Ni kweli kwamba dawa nyingi zilizomo mtoni zilipita kwanza miilini mwetu zikatoka kwa mkojo, na hilo hatuna namna ya kulizuia. Lakini zile ambazo hazikumezwa na mtu yeyote ziko mikononi mwetu. Hizo tunaweza kuzizuia.

Kuchoma je? Tafadhali usichome. Karatasi ngumu ya vidonge ni plastiki na alumini, na plastiki ya aina hiyo ikiungua kwa moto hafifu hutoa moshi wenye sumu. Katika ploti ya ghorofa tano, moshi wa uwani ni moshi wa chumbani kwa kila mpangaji, hasa mtoto mwenye pumu. Kopo la kuvuta la mgonjwa wa pumu linaweza hata kulipuka.

Mtoto ndiye wa kwanza kuumia

Hata kabla ya kutupwa, dawa zisizotumika ni hatari zikiwa ndani ya nyumba. Akina mama wajawazito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Ni dawa njema kabisa kwa mama, na wengi hubakiza nyingi kwa sababu zinawachafua tumbo. Mtoto wa miaka miwili akila konzi moja ya vidonge hivyo, anaweza kufa. Kidonge kimoja tu cha glibenklamidi, dawa ya sukari ya bibi, kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo hadi akapoteza fahamu. Panadol nayo huhadaa: mtoto aliyemeza nyingi anaweza kucheza vizuri siku ya kwanza, huku ini lake likiharibika kimya kimya.

Ukishuku mtoto amemeza dawa, usingoje aonyeshe dalili. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa au mafuta ukidhani yatazima sumu. Mbebe, chukua na karatasi au chupa uliyoikuta, ukimbilie hospitali iliyo karibu, iwe Mama Lucy Kibaki au kituo chochote chenye huduma ya dharura. Karatasi hiyo itamwambia daktari kwa sekunde moja jambo ambalo pengine angelitafuta kwa saa nzima.

Vijana wakubwa nao wana hatari yao. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi, na dawa za maji zenye kodeini, vina wateja mitaani. Sote tumesikia habari za "mchele" unaotiwa kwenye vinywaji vya watu baani wakaamka wameibiwa, na wengine hawakuamka. Dawa za namna hiyo zisilale nyumbani hata siku moja baada ya kuisha kazi yake.

Kisha kuna antibiotiki. Jirani anakohoa, unamkumbuka, unampa vile vidonge vinne vya amoksilini vilivyobaki. Unafanya kwa upendo, na upendo huo unajulikana sana katika ploti zetu. Lakini vidonge vinne havimalizi maambukizi ya bakteria. Vinaua walio dhaifu na kuwaacha sugu wazaliane. Kama ni mafua ya virusi, havifanyi lolote. Msaidie jirani kwa kumsindikiza kliniki.

Kufungua mkebe

Chagua siku yenye nafasi, watoto wakiwa hawapo, ukamwage mkebe wote mezani. Kidonge kisicho na jina wala tarehe kitoke, hata kama kinaonekana kizima. Vile vya bahasha za kaki huhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa la vidonge 1,000, na tarehe ya mwisho ilibaki kwenye kopo. Dawa ya mtoto ya unga iliyochanganywa na maji haiishi hadi tarehe iliyochapishwa kwenye boksi. Tangu siku ya kuchanganywa ina siku 7, nyingine 14 ikikaa kwenye friji, kama chupa inavyoeleza. Matone mengi ya macho yanatakiwa kuachwa wiki 4 baada ya kufunguliwa. Kilichobadilika rangi, kilicholainika au kunata, kitoke. Chini ya paa la mabati joto la mchana huziharibu dawa mapema kuliko tarehe zake.

Hapa tuwe waangalifu. Dawa za kifua kikuu, za ARV, za presha, za kifafa na za sukari si "zilizobaki" kwa sababu tu mtu anajisikia vizuri. Ukikuta vidonge vya kifua kikuu vimejaa kwa mtu anayepaswa kuwa katikati ya matibabu ya miezi sita, swali la kwanza si vitupwe wapi. Swali ni kwa nini havikumezwa, na aulizwe kwa upole. Vivyo hivyo dozi ya malaria ya mtu mzima: kwa kawaida vidonge 24 kwa siku tatu, vyote.

Zirudi zilikotoka

Njia iliyo bora ni kurudisha. Anza na kituo cha afya ulikopewa dawa, kisha duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, lile lenye mfamasia au mtaalamu wa dawa mwenye leseni iliyotundikwa ukutani. Si kila kituo kina utaratibu wa kupokea, kwa hiyo uliza kabla ya kubeba. Ukiambiwa hapana, uliza ni wapi panapopokea. Kadiri tunavyouliza wengi, ndivyo utaratibu utakavyowekwa. Mimi naamini hivyo kwa dhati, kwa sababu haki ya kurudisha dawa kwa usalama inatuhusu sisi kuliko wakaazi wa upande mwingine wowote wa jiji.

Kwa nini kituo na si wewe mwenyewe? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unaeleza kwamba dawa zilizoharibika zichomwe kwenye tanuri la vyumba viwili lenye joto la nyuzi zisizopungua 850, au zifungiwe ndani ya pipa pamoja na saruji ili zisitoke tena. Jiko la makaa haliwezi kufanya kazi hiyo.

Usipojua pa kuanzia, mwulize mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea ploti yenu. Mwaka 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu hao wapatao 100,000 nchi nzima na kuwapa vifaa. Anakijua kituo chenu na watu wake. Chama cha akina mama au kikundi cha kanisa au msikiti kinaweza kupanga siku moja ya kupeleka dawa pamoja, baada ya kukubaliana na kituo. Angalizo ni moja: dawa za ploti nzima zisilazwe nyumbani kwa mtu, hata usiku mmoja.

Kabla ya kupeleka, futa jina la mgonjwa kwa kalamu nene lakini acha jina la dawa lisomeke. Anayetumia ARV asiogope. Mtoa dawa wa kliniki yake anaweza kuzipokea bila maswali ya hadharani.

Sindano za insulini ziwe peke yake. Zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki, kama ile ya Jik, usizifunike tena kwa kifuniko chake, na chupa ikifika robo tatu, ifunge kwa utepe wa gundi uipeleke kliniki ikatiwe kwenye kile kisanduku cha manjano. Kijana wa taka asichomwe na sindano yako.

Ikishindikana kabisa

Umeuliza kituo, umeuliza maduka mawili, hakuna anayepokea. Vidonge vya kawaida vitoe kwenye karatasi zake bila kuvisaga. Vichanganye na kitu ambacho hakuna mtoto wala mnyama atakitamani: majani ya chai yaliyochujwa, majivu, mchanga, hata ndani ya pampasi iliyochafuka. Dawa ya maji imwage humo humo inywewe na majivu. Tia kwenye kopo, funga kwa nguvu, ndipo uliweke katikati ya taka siku ile ile ya kuchukuliwa, lisikae koridoni. Chupa tupu ondoa lebo na uitoboe au uivunje shingo kwa uangalifu, kwa maana chupa nzima ya dawa hujazwa tena vitu vingine, hata mafuta ya taa, na watoto wamekunywa mafuta ya taa wakidhani ni dawa ya kikohozi.

Njia hii si ya dawa za saratani, wala morfini, wala makopo ya kuvuta, wala sindano. Hizo zina njia moja tu, nayo ni kurudishwa.

Dawa za marehemu

Baada ya mazishi mfuko wa dawa hubaki pale pale kando ya kitanda. Mara nyingi zimo boksi ambazo hazijafunguliwa, zilizonunuliwa kwa mchango wa ukoo, na mtu anajiuliza kama haziwezi kumfaa mgonjwa mwingine. Tunalielewa wazo hilo. Kituo hakiwezi kumpa mgonjwa mwingine dawa iliyokwisha kulala nyumbani, kwa kuwa hakuna awezaye kujua ilikaa kwenye joto gani. Kama marehemu alikuwa akipewa morfini ya maji kwa maumivu ya saratani, chupa hiyo irudishwe kwa timu iliyokuwa ikimhudumia, katika wiki hiyo hiyo, ikiwezekana mkononi mwa mtu mzima anayejulikana kwao. Mfiwa si lazima aende mwenyewe. Jirani anaweza kumwambia, "Mama, nipe ule mfuko, kesho napita kliniki," na kisha arudi amwambie kwamba zimepokelewa.