Joto la Taa na Uhai wa Kifaranga

Mradi wa kuku ni miongoni mwa miradi ya shule inayoanza kwa urahisi na kufa kwa urahisi. Vifaranga 100 wa siku moja hununuliwa, huwekwa bandani chini ya taa, na kabla ya juma kwisha baadhi yao huokotwa asubuhi wakiwa wamekufa. Lawama huangukia ugonjwa au mwuza vifaranga. Mara nyingine lawama hizo ni za haki. Lakini aghalabu chanzo ni joto: limekuwa pungufu, limezidi, au limewekwa mahali pasipofaa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kifaranga huhitaji joto la kupewa, jinsi taa inavyompa joto hilo, na jinsi kanuni chache za fizikia zinavyoweza kumsaidia mlezi wa vifaranga katika banda la nje.

Kwa nini kifaranga hajitoshelezi

Mwili wa kuku mzima huwa na halijoto ya kiasi cha nyuzi 41 za Sentigredi. Kuku huihifadhi halijoto hiyo kwa chakula anachokiunguza mwilini na kwa manyoya yanayoshika hewa kama blanketi. Kifaranga aliyeanguliwa leo hana manyoya kamili, bali ana vinyoya vyororo tu. Na uwezo wa mwili wake wa kurekebisha joto haujakomaa. Hukomaa hatua kwa hatua katika majuma mawili au matatu ya mwanzo.

Sababu nyingine ni ya kihesabu. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo la uso wake ni sentimita za mraba 6, na ujazo wake ni sentimita ya ujazo 1; uwiano ni 6 kwa 1. Mchemraba wenye upande wa sentimita 2 una eneo la 24 na ujazo wa 8. Uwiano ni 3 kwa 1. Kitu kidogo, basi, kina uso mkubwa kulingana na ujazo wake. Joto huzalishwa ndani ya mwili lakini hupotea kupitia usoni. Kifaranga mwenye uzito wa gramu 40 hivi hupoteza joto upesi kuliko mama yake.

Kifaranga mwenye baridi hufa kwa njia isiyoonekana mara moja. Badala ya kutafuta chakula na maji, hujikunyata pamoja na wenzake. Kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake humlisha kwa siku mbili au tatu tu. Kwa hiyo kifaranga aliyepigwa na baridi usiku wa kwanza huweza kufa siku ya nne au ya tano, wakati mlezi amekwisha sahau baridi ile na kuanza kutafuta dawa.

Jinsi taa inavyopasha joto

Joto husafiri kwa njia tatu: kwa mpitisho, yaani kutoka kitu hadi kitu vinavyogusana, kwa myuko, yaani kwa mwendo wa hewa au kimiminiko, na kwa mnururisho, yaani kwa mionzi isiyohitaji kitu cha kuibeba. Kuku anayelea huwapasha wanawe joto hasa kwa mpitisho, kwa kuwa ngozi ya tumbo lake hugusana nao. Taa hutumia zaidi mnururisho. Mwaka 1800 William Herschel aligundua kuwa kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua ipo mionzi isiyoonekana, lakini yenye kupandisha kipimajoto. Mionzi hiyo ya infraredi ndiyo inayotoka kwa wingi katika taa ya kulelea vifaranga.

Mionzi hiyo haipashi sana hewa inamopita. Huupasha mwili unaoifyonza: mgongo wa kifaranga, maranda ya sakafuni, chombo cha maji. Ndiyo sababu taa hufaa hata katika banda la nje ambalo hewa yake ni ya baridi. Balbu ya kawaida ya waya uwakao pia hufaa, kwa maana zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake hugeuka kuwa joto. Taa za LED, zilizoundwa zitoe mwanga kwa umeme kidogo, hazifai kwa kazi hii.

Nguvu ya mionzi hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa chanzo kidogo kinachotawanya mionzi pande zote, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Taa yenye kiakisi haifuati kanuni hiyo kikamilifu, lakini funzo ni lile lile: kuinua au kushusha taa kwa sentimita chache ni badiliko kubwa kwa kifaranga.

Kuandaa banda la nje

Kosa la kawaida ni kujaribu kupasha banda zima. Kuku anayelea hafanyi hivyo. Kifaranga hutoka chini ya mama, hula katika baridi, kisha hurudi kujipasha. Mlezi yampasa aige mpango huo: mahali pamoja pawe na joto la kutosha, na mahali pengine pawe na ubaridi, ili kifaranga achague mwenyewe.

1. Zungusha bati au hadibodi yenye kimo cha sentimita 45 hivi ili kufanya duara. Duara halina pembe; katika pembe vifaranga hurundikana na wa chini hukosa pumzi.

2. Tandaza maranda makavu au pumba za mpunga kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Matandiko huzuia joto lisipotelee ardhini kwa mpitisho. Yakilowa huondolewa, kwani unyevu huongeza baridi, hutoa amonia na hustawisha vimelea vya koksidia.

3. Ziba sehemu ya chini ya kuta dhidi ya upepo, lakini acha matundu juu. Upepo ukipita mgongoni mwa kifaranga huchukua joto kwa myuko upesi kuliko taa inavyoleta. Banda lililozibwa kabisa nalo hujaa amonia na unyevu.

4. Taa ya wati 250 huanza kuning'inizwa kiasi cha sentimita 45 hadi 60 juu ya matandiko. Itundikwe kwa mnyororo au waya madhubuti, isitundikwe kwa waya wake wa umeme. Kishikio chake kiwe cha kauri, kwa kuwa plastiki huyeyuka. Taa ikianguka juu ya maranda makavu huweza kuteketeza banda zima.

5. Funika nafasi zote kwa wavu wenye matundu madogo, kwani kicheche, paka, panya na nyoka hufuata vifaranga usiku. Chunguza pia njia za siafu.

Chini ya taa, usawa wa mgongo wa kifaranga, halijoto ya juma la kwanza iwe nyuzi 32 hadi 35. Kisha hupunguzwa kwa nyuzi 3 hivi kila juma, kwa kuinua taa, mpaka ifike nyuzi 21. Huko Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10, pengo la kujazwa ni kubwa. Lakini hata Dar es Salaam, usiku wa nyuzi 20 ni baridi kali kwa kifaranga wa siku moja. Mchana, kinyume chake, paa la bati likipigwa na jua, huenda taa ikabidi kuzimwa.

Kuwasoma vifaranga

Kipimajoto ni msaada, lakini huonyesha hali ya mahali kilipo tu. Vifaranga wenyewe huonyesha hali ya duara zima. Wakisongamana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakiikimbia taa, wakatanua mabawa na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakikusanyika upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamelala kwa utulivu, hali ni njema. Wakati bora wa kuwatazama ni usiku, na tena kabla ya mapambazuko, baridi inapokuwa kali.

Umeme unapokatika

Mlezi asiye na njia ya akiba huweza kupoteza kundi zima kwa usiku mmoja. Baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa na kufunga mlango. Jambo hili ni la hatari. Mkaa unaoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na hemoglobini ya damu na kuizuia kubeba oksijeni. Huua vifaranga, na huua pia mtu anayelala bandani kuwalinda.

Njia salama ni maji ya moto katika madumu yaliyofungwa vizuri na kuvikwa magunia. Lita 5 za maji zikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 40 hutoa jouli 840,000 hivi (5 × 4,200 × 40). Hicho ni kiasi cha nishati inayotumiwa na taa ya wati 250 kwa dakika 56. Gunia huchelewesha kupoa, na vifaranga hujibanza kando ya dumu kama wanavyojibanza kwa mama.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Chukua vipimajoto viwili vinavyolingana. Paka tungi la kimoja masizi, na la kingine lifunike kwa karatasi ya alumini inayong'aa. Viweke kando kwa kando chini ya taa kwa dakika 10. Eleza tofauti ya vipimo. Je, kipi kinakaribia zaidi halijoto ya hewa?

2. Pima halijoto chini ya taa kwa umbali wa sentimita 30, 45, 60 na 90. Chora grafu, kisha uilinganishe na kanuni iliyotajwa juu.

3. Taa ya wati 250 huwaka saa 12 kila usiku kwa siku 28. Hutumia uniti ngapi za umeme? Ikiwa taa hiyo inalea vifaranga 50, kila kifaranga ametumia kiasi gani?

4. Asubuhi umekuta vifaranga wote wamebanana upande wa mashariki wa duara, nao kipimajoto chini ya taa kinaonyesha nyuzi 33. Utachunguza nini kwanza, na kwa nini?