Kiti cha Fundi Kiko Dirishani

SWALI: Mama, baba yangu anasafishwa figo kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mwaka wa pili sasa. Ni fundi seremala, mtu mpole, lakini kuna jambo moja haambiliki: kiti. Anataka kilekile cha karibu na dirisha. Wiki mbili zilizopita, Jumanne, alikuta mgonjwa mwingine amekikalia, akapelekwa cha katikati ya chumba. Alivumilia saa mbili, akadai achomolewe sindano, akarudi nyumbani kwa bodaboda bila kunisubiri. Alhamisi hakwenda kabisa. Sista wa zamu ananiambia baba anadeka, mashine zote ni sawa. Na kile kiti alichopewa si kibovu, Mama, nimekiona. Ndicho alichokuwa akitumia rafiki yake wa pale, ambaye tumemzika mwezi uliopita. Mshipa anaochomwa sindano za mashine uko mkono wa kulia. Je, kiti kina uhusiano wowote na matibabu, au nimkazanie aache ubishi? Na je, anaruhusiwa kwenda na mto wa nyumbani? Binti wa Fundi, Dar es Salaam.

JIBU: Mwanangu, poleni kwa msiba, na pole kwa kuuguza.

Barua yako ina mambo mawili, kiti na saa. Naanza na saa, maana hilo haliwezi kungoja. Jumanne ile baba yako alipata saa mbili badala ya nne, na Alhamisi hakupata kitu. Yaani kutoka Jumamosi moja hadi ya pili mwili wake ulisafishwa nusu ya mara moja tu. Figo zikiacha kazi, sehemu kubwa ya maji anayokunywa inabaki mwilini, na potasiamu iliyomo kwenye ndizi, machungwa, madafu na maharage inapanda kwenye damu bila kupata pa kutokea. Maji yakizidi huingia kwenye mapafu, mtu akashindwa kulala chali. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama ghafla kwa mtu ambaye asubuhi alikuwa anaongea vizuri. Akikosa siku tena, hata akikwambia yuko salama, pigeni simu kituoni siku hiyohiyo mwombe nafasi nyingine. Akianza kuhema, viungo kulegea au mapigo ya moyo kwenda ovyo, msingoje siku yake ya mashine. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa kiti.

Sista aliyekwambia mashine zote ni sawa hakukudanganya. Mashine nzima itamsafisha popote ilipowekwa. Lakini baba yako hakulalamikia mashine, na hapo ndipo ninapolikataa neno kudeka.

Piga hesabu pamoja nami. Mara 3 kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka. Kila mara ni saa 4, jumla saa 624, ambazo ni siku 26 kamili, mchana na usiku. Kila mwaka baba yako anaishi karibu mwezi mzima juu ya kiti, sindano mbili nene zikiwa ndani ya mkono ambao haruhusiwi kuukunja. Hata pua ikimwasha anajikuna kwa mkono mmoja. Nyumbani nako amepimiwa maji ya kunywa, amekatazwa matunda aliyoyazoea, na mkono wenye mshipa hautakiwi kubeba uzito, kwa hiyo hata mbao zake amewaachia vijana. Mtu aliyeondolewa mamlaka juu ya kikombe chake cha chai akishikilia kiti kimoja karibu na dirisha, mimi namwelewa.

Wagonjwa wa kwanza hawakuwa na kiti. Daktari Willem Kolff alipoanza kuitumia figo bandia aliyoitengeneza, mjini Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, mgonjwa alilala kitandani kando ya ngoma kubwa iliyokuwa ikizunguka. Mashine ile ilikuwa ya kumvusha mtu siku chache mpaka figo zake zizinduke, kwa sababu kila safari mishipa ilichanwa upya na hatimaye ikaisha. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner na wenzake waliweka mrija uliobaki mkononi mwa mgonjwa, na mgonjwa wao, Clyde Shields, akaishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 madaktari wa New York wakaeleza namna ya kuunganisha ateri na vena chini ya ngozi, na hiyo ndiyo fistula aliyonayo baba yako, ile inayotetema ukiigusa. Tangu hapo mgonjwa wa figo akawa mtu wa kwenda na kurudi, anayejulikana kwa jina mlangoni, na mtu wa namna hiyo hujiwekea mahali pake kama vile mzee alivyo na mahali pake msikitini au kwenye benchi la kanisani.

Umeniandikia kwa kupitia tu kwamba mshipa wake uko mkono wa kulia. Hilo si dogo. Fistula kwa kawaida huwekwa kwenye mkono ambao mtu hautegemei sana, na kwa kuwa wengi wetu tunatumia wa kulia, wengi wana mshipa kushoto. Nabahatisha kwamba fundi wetu anasukuma randa kwa mkono wa kushoto. Sasa kitazame chumba. Kila mashine imeunganishwa na bomba la ukutani, kwa sababu kusafisha mtu mmoja mara moja hutumia takribani lita 120 za maji yaliyochujwa, hivyo haisogezwi kama stuli. Kama chumba kimepangwa kwa ajili ya walio wengi, mashine nyingi zitakuwa kushoto kwa kiti. Baba yako akikaa hapo, mirija itavukishwa juu ya kifua chake, au atapinda bega saa nne nzima. Mirija ikivutwa hujikunja, mashine ikaanza kulia kila dakika, na kila inapolia watu wote wanamgeukia yeye.

Kibaya zaidi ni sindano kuchomoka. Damu hupita kwenye mashine kwa kasi ya mililita 300 hivi kila dakika. Ile sindano inayoirudisha mwilini ikichomoka chini ya blanketi, lita moja na nusu inaweza kumwagika ndani ya dakika 5, na kengele ya mashine isilie. Nikiwa muuguzi niliwahi kuifunua shuka nikakuta kiti kimeloa, na ingawa mgonjwa yule alipona, mpaka leo sipiti mbele ya mkono uliofunikwa bila kusimama. Baridi ya kiyoyozi wanaisikia sana, ni kweli, kwa hiyo mfunike miguu, kifua, na kofia avae. Mkono wenye mshipa ubaki wazi.

Ukienda naye Jumamosi, simama uangalie. Kwenye kiti cha dirishani mashine iko upande gani? Na kwenye kile cha katikati? Kama kimoja kiko kulia kwake na kingine kushoto, umepata jambo la kuzungumza na msimamizi wa kitengo, na hatalipuuza.

Sababu nyingine huwezi kuziona kwa macho, lazima uulize. Zamani nikiwa kazini nilimhamisha mama mmoja kutoka kiti cha pembeni kwenda kingine kilichotazama televisheni, nikidhani nimempendelea. Hakusema neno. Alifunika uso kwa kanga muda wote. Wiki ya tatu ndipo aliponiambia kwamba kule pembeni alikuwa anaiona saa ya ukutani. Alikuwa na mtoto wa darasa la kwanza anayetoka shule mchana, na akiiona saa alijua mtoto yuko wapi bila kutuuliza sisi tuliokuwa na haraka. Nilimrudisha siku hiyohiyo. Tangu hapo, kabla ya kumhamisha mtu nilimuuliza kwanza anaona nini akiwa amekaa pale.

Nije sasa kwenye ile sentensi uliyoipitisha haraka. Kiti alichopelekwa baba yako ni cha rafiki yake mliyemzika mwezi uliopita.

Mwanangu, watu wa zamu moja huwa ndugu. Wanajuana uzito wa kuingia na wa kutoka, wanajuana nani alikunywa maji jana harusini, wanaulizana habari za wajukuu. Siku mmoja asipotokea, wenzake wanatazamana. Sisi wauguzi mara nyingi tunanyamaza kwa kudhani tunawalinda, kiti kinafutwa kwa dawa, na siku ya pili anakaa mwingine. Baba yako ameweka mkono palepale rafiki yake alipokuwa akiweka wa kwake, akatakiwa atulie saa nne. Aliweza mbili. Mimi nasema alijitahidi.

Usimkazanie. Usianze hata na habari ya kiti, maana mzee akiona umekuja na kesi atafunga mlango. Anza na marehemu. Muulize walikuwa wakiongea nini, alikuwa mtu wa wapi, nani alimchekesha mwenzake. Mlipokwenda kuzika mliwapa pole mjane na watoto, na ndivyo inavyotakiwa, ila sijui kama kuna aliyempa pole baba yako. Inawezekana pia anaogopa kuwa zamu inayofuata ni yake. Akilitamka hilo, usimkatize kwa "acha mawazo hayo baba". Msikilize mpaka mwisho. Na ukiona usingizi umepotea, chakula hakitaki, mashine anaikwepa, au anasema heri apumzike, mwambie daktari wake waziwazi. Huzuni nzito huwapata wengi walio kwenye mashine na ina tiba. Kwa mtu wa mashine huzuni hiyo inaweza kuua upesi, kwa sababu kukosa wiki moja tu kunaweza kutosha.

Upande wa kituo nao una haki yake, na baba aujue. Mgonjwa ambaye presha yake inashuka katikati ya kazi huwekwa karibu na meza ya wauguzi, na hapo dirisha litangoja. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hupewa mashine yake na chumba chake, kwa kuwa virusi hivyo huweza kukaa hai juu ya kiti au meza kwa siku 7. Mwenye virusi vya Ukimwi hahitaji kutengwa: mashine na kiti vikishasafishwa ipasavyo anakaa yeyote, na msishiriki minong'ono ya nani kahamishiwa wapi. Kiti kilichochanika ngozi hakisafishiki, kitolewe hata kama ndicho kipenzi. Vilevile kiti kisicholala upesi. Presha ikishuka, mgonjwa anatakiwa alazwe miguu juu papo hapo, na moyo ukisimama lazima alale bapa ili kifua kikandamizwe. Muulize muuguzi akuonyeshe kiti cha dirishani kinavyoshuka. Kikikwama, mimi mwenyewe nitakuwa upande wa kumtoa pale.

Kumbuka pia kwamba, kama baba si wa zamu ya kwanza, kiti hicho asubuhi ni cha mtu mwingine. Zamu ya kwanza ikichelewa na baba akaamua kukingojea, dakika anazongoja zinaweza kukatwa kwenye saa zake nne. Nendeni kwa msimamizi mapema, siku ambayo hakuna ugomvi, baba akiwepo na akisema mwenyewe. Aombe cha dirishani kwanza. Kisipokuwepo, achague kabisa cha pili ambacho mashine iko kulia kwake, kisiwe kile cha marehemu, angalau kwa miezi hii. Aombe pia ajulishwe mabadiliko kabla hajapanda mizani, siyo akiwa amesimama na mkoba wake mbele ya mtu aliyekwisha kukaa. Na yeye aahidi mbele yenu kwamba habari ya kiti itazungumzwa, ila saa nne hazipungui. Mtu wa kazi kama yeye anaelewa makubaliano ya pande mbili. Sista naye usimchukie. Chumba kimoja na kelele za mashine nyingi humchosha mtu, na mara nyingi hajapewa nafasi ya kumlilia mgonjwa aliyemhudumia kwa miaka.

Mto wa nyumbani vituo vingi huruhusu, ulizeni kwanza. Uwe na foronya mbili, kila inayotoka pale ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kurudi, na damu ikipenya hadi ndani mto utupwe. Usiwe mnene kiasi cha kumzuia kulala bapa kiti kikishushwa, na usiwekwe chini ya mkono wenye mshipa mpaka muuguzi auone. Wa sufi haufai, haufuliki. Chukueni wa sponji, uvalishwe nailoni chini ya foronya, na uende naye dukani aukalie na kuuegemea mwenyewe kabla hujalipa.