SOMO LA MATENGENEZO: KUIMARISHA VISHIKIZO VYA TANGI LA MAJI KATIKA TELA

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kutambua mapema udhaifu wa mihimili inayobeba tangi la maji katika tela, na kusimamia matengenezo yake kwa usalama.

1. Kwa nini jambo hili ni muhimu

Bomba la maji kutoka Ihelele, ukingoni mwa Ziwa Victoria, lililozinduliwa mwaka 2009, limeleta nafuu kubwa katika miji ya Shinyanga na Kahama. Hata hivyo, vipo vijiji na mashamba yaliyo mbali na bomba hilo. Huko, tela lenye tangi linalovutwa na trekta ndilo linalopeleka maji ya kunywa, ya mifugo na ya kuchanganyia dawa ya pamba. Tela hilo likiharibika wakati wa kiangazi, hasara haiishi kwenye chuma. Na tangi likiporomoka njiani, laweza kumwua mtu aliye karibu.

2. Uzito wa maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tangi la lita 2,000 lililojaa hubeba tani mbili, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Likishikiliwa na mihimili miwili, kila mmoja hubeba kilo 1,000 tela likiwa limesimama. Gurudumu linapotumbukia shimoni, mzigo huo huongezeka kwa ghafla. Aidha, maji ya tangi lililojaa nusu husukumana huku na huko, na msukumo huo hulegeza bolti na kupasua maungo yaliyochomelewa.

3. Dalili za mihimili iliyonepa

Katibu hana haja ya kuwa fundi ili kuzitambua dalili. Uzi uvutwe kutoka ncha moja ya mhimili hadi nyingine, kisha nafasi iliyopo katikati, kati ya uzi na chuma, ipimwe. Kipimo kichukuliwe mara mbili: tangi likiwa tupu na likiwa limejaa. Ikiwa nafasi hubaki hata baada ya maji kutolewa, chuma kimepinda kabisa na hakitarudi, kinafaa kubadilishwa. Dalili nyingine ni mikanda iliyolegea, milia ya kutu penye maungo, na mvujo mahali bomba la kutolea maji linapoungana na tangi.

4. Namna ya kuimarisha

Njia iliyo bora ni kufupisha nafasi isiyo na egemeo. Mhimili ukiwekewa egemeo imara katikati, na mzigo ukiwa umeenea sawasawa, mnepo wake hupungua zaidi ya mara 16. Mhimili ulionepa milimita 16 chini ya mzigo hautafika hata milimita moja. Kuongeza unene kidogo hakuleti faida kama hiyo.

Jambo la pili ni mkao wa mhimili. Mbao ya mninga yenye sentimeta 5 kwa 15 ikilazwa bapa hunepa mara tisa zaidi kuliko ikisimamishwa kwa ubavu. Ni mbao ile ile na gharama ile ile.

Kazi ifuate utaratibu huu:

(a) Tangi limwagwe maji yote, tela litenganishwe na trekta, na magurudumu yazuiwe kwa magogo.

(b) Tangi liinuliwe kwa jeki juu ya ubao mpana, kisha liegemezwe kwa magogo imara. Mtu yeyote asiingie chini ya tangi lililoshikwa na jeki peke yake.

(c) Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya. Chuma kilicholiwa hadi kuwa chembamba kitolewe. Kisifichwe kwa rangi.

(d) Mihimili mipya ya chuma cha pembe ifungwe kwenye chasi kwa bolti. Matundu yatobolewe ubavuni, katikati ya kimo cha chasi. Kingo za juu na chini zisiguswe, kwa kuwa ndizo zinazobeba nguvu kubwa.

(e) Vipande vya mpira wa tairi kuukuu viwekwe kati ya tangi na chuma, ndipo mikanda ikazwe.

(f) Tangi lijazwe nusu na kukaguliwa, kisha lijazwe kabisa na kukaguliwa tena. Baada ya safari ya kwanza, nati zote zikazwe upya.

Tangi lililowahi kubeba mafuta lisichomelewe kamwe, hata likionekana tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki waweza kulipuka. Tangi la plastiki nalo liondolewe kabla ya kuchomelea chuma kilicho chini yake.

5. Wajibu wa katibu na Kamati

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, tangi huweza kuombwa kwa shughuli za uchenjuaji. Tangi lililobeba kemikali za uchenjuaji, mafuta au dawa ya wadudu lisirudishwe kubeba maji ya kunywa. Katibu aandike katika daftari kila safari, kila azimio la kuazima, na tarehe ya kila ukaguzi. Tela ni mali ya wanachama wote. Anayeliona limelegea akanyamaza, amewanyima wenzake haki ya kujua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Tangi la chama chenu hubeba lita ngapi, na kila mhimili hubeba kilo ngapi?

2. Ni lini uzi ulipovutwa kwenye mihimili hiyo kwa mara ya mwisho, na nani aliandika kipimo?

3. Dereva akikataa kuondoka kwa sababu mkanda umelegea, Kamati imwunge mkono kwa njia gani?