Ameshika au Hajashika: Mafunzo Niliyopata Katika Uhimilishaji

Kazi yangu ni kuhimilisha ng'ombe wa maziwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha, ambako ng'ombe wengi hukatiwa majani na kulishwa bandani. Wafugaji huniita daktari, nami nimechoka kuwasahihisha. Swali lao ni lilelile: ameshika au hajashika? Wanataka jibu kabla sijavua glavu. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu sababu ya kutoweza kuwajibu siku hiyo.

1. Yai hutoka ng'ombe akiwa ametulia

Ng'ombe huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Kwa muda wa saa 12 hadi 18 hulia, hukosa utulivu, hutoa ute wa kuvutika na kusimama wenzake wanapompanda. Kisha hunyamaza. Mfugaji akiona kimya hicho hudhani wakati umepita, kumbe yai halijatoka hata kwenye ovari; litatoka kama nusu siku baadaye. Likishatoka, uhai wake ni wa saa chache tu. Mbegu huweza kuishi takriban siku moja, hivyo inafaa mbegu ndiyo itangulie kulisubiri yai.

Ndiyo maana tunasema: akionekana kwenye joto asubuhi, ahimilishwe jioni, akionekana jioni, asubuhi inayofuata. Kanuni hiyo ilitokana na uchunguzi uliofanywa Nebraska, Marekani, miaka ya 1940. Ukiwa na ng'ombe mmoja peke yake bandani, hakuna wa kumpanda wala wa kupandwa naye. Utategemea ute, mlio na jicho lako. Mwenye jicho zuri kijijini kwetu, kwa niliyoyaona mimi, ni yule anayekamua, si yule anayeshika pesa.

2. Mbegu iliyofika bado haijawa tayari

Mbegu zetu hukaa kwenye mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Huyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37, tena kwa haraka. Mrija mmoja mwembamba una mamilioni ya mbegu, lakini zinazofika juu, kwenye mirija ya uzazi, ni chache mno.

Na hizo chache haziwezi kurutubisha zikifika tu. Mwaka 1951 Min Chueh Chang akiwa Marekani na Colin Austin akiwa Australia, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mbegu ya mnyama anayenyonyesha lazima ikae kwa saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike, ibadilike utando wake, ndipo iweze kupenya. Mbegu moja ikishaingia, yai humwaga kemikali zinazougeuza ukuta wake usipenyeke tena. Zikiingia mbili, kiinitete huharibika.

3. Kutunga ni rahisi kuliko kudumu

Mama mmoja aliniambia, "Daktari, mbegu yako imekataa." Ng'ombe wake alikuwa amerudi kwenye joto baada ya wiki tatu. Nikamjibu, "Mama, huenda ilikubali kabisa, kisha mimba ikapotea." Alinitazama kana kwamba mimi ni mtu anayekwepa deni.

Lakini ndivyo ilivyo. Katika ng'ombe wenye afya, karibu mayai 9 kati ya 10 hurutubishwa, ila wanaofikia kuzaa kwa uhimilishaji mmoja ni kama nusu, na kwa wale wanaokamuliwa maziwa mengi sana huwa pungufu ya hapo. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea ndani ya wiki tatu za kwanza.

Yai lililorutubishwa hugawanyika likiwa bado ndani ya ukuta wake: seli mbili, nne, nane. Halikui hata kidogo. Seli ndizo zinazozidi kuwa ndogo. Mwanzoni huendeshwa na akiba aliyoiweka mama ndani ya yai. Likifika seli 8 hadi 16 ndipo jeni za kiinitete chenyewe huanza kazi kwa nguvu, na viinitete vingi huishia hapo. Siku ya nne au ya tano kiinitete huingia kwenye mji wa mimba. Siku ya saba au ya nane huwa kimekuwa kifuko chenye maji, na siku ya tisa au ya kumi hutoboa ukuta na kutoka.

Kisha hurefuka ajabu. Kutoka duara dogo, mnamo siku ya 17 kinaweza kuwa uzi wa zaidi ya sentimita 10, ilhali bado hakijajishikiza popote. Urefu huo una kazi: unasambaza protini iitwayo intafaroni tau, ambayo huuzuia mji wa mimba usiiue tezi inayotoa homoni ya kutunza mimba. Ujumbe ukichelewa au ukiwa hafifu, tezi hufa, na siku ya 21 ng'ombe analia tena. Mfugaji anaona ng'ombe asiyeshika, kumbe alibeba mimba kwa zaidi ya wiki mbili.

Joto kali la hewa hukiumiza kiinitete zaidi katika siku zake za mwanzo, kwa hiyo siku hizi nasisitiza kivuli na maji tele tangu siku ya kuhimilisha. Wengi hungoja tumbo lionekane ndipo wamhurumie ng'ombe.

4. Usimlaumu ng'ombe kwa kuzaa madume

Yai lake hubeba kromosomu X tu. Anayeamua ni mbegu, yenye X au Y. Ukitaka mtamba, nunua mbegu zilizotenganishwa jinsia, ambazo hutoa majike kwa takriban asilimia 90. Bei yake ni ya juu.

5. Pacha dume na jike

Hapa furaha hunipa kazi ngumu. Kwa ng'ombe, mishipa ya damu ya pacha huungana mapema ndani ya makondo, kabla viungo vya uzazi vya jike havijaumbika. Homoni za dume humfikia, naye katika zaidi ya visa 9 kati ya 10 huzaliwa tasa. Kwa macho ni ndama mzuri tu. Huwaambia wenye ndama mapema, kabla hawajamlisha miaka miwili wakingoja joto lisilokuja: pacha wake dume hana shida kubwa, jike mfuge wa nyama.