Pointi za Reli: Kwa Nini Gari Moshi la Mfano Huruka Njia

Mwanafunzi wa Mtwara hana reli ya kutazama. Iliyokuwapo ilijengwa na Waingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Njia hizo mbili zilikutana Ruo. Mpango wa karanga ulivunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ilifungwa, ikang'olewa. Hata hivyo, fizikia ya mahali kama Ruo yaweza kufundishwa mezani kwa reli ya mfano.

Pointi ni mahali ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili. Sehemu zake zenye matata ni mbili. Kwanza zipo ndimi, yaani vipande viwili vya reli vilivyochongwa ncha, ambavyo husogezwa pamoja ili kimoja kigandamane na reli ya kando na kuongoza magurudumu. Mbele yake ipo njia panda, ambapo reli mbili hukatana. Hapo sharti pawe na pengo, maana ukingo wa gurudumu hushuka chini ya uso wa reli na lazima upate pa kupita. Ili gurudumu lisiingie upande usio wake, gurudumu mwenzake hushikwa kwa ndani na reli ya kinga iliyowekwa ng'ambo ya pili.

Katika mfano wa kipimo cha 1 kwa 87, njia ya upana wa mita 1, kama ile ya zamani ya kwenda Kigoma, huwa na upana wa milimita 11.5 tu. Kosa la nusu milimita, ambalo jicho halilioni, ni sawa na milimita 43.5 katika reli halisi. Uzito nao hupungua kwa kipeo cha tatu: behewa la tani 20, likigawanywa kwa 87 mara tatu, hubaki na gramu 30 hivi. Kitu chepesi hivyo hupanda juu ya kikwazo chochote. Ndiyo sababu behewa la mfano huongezwa uzito sakafuni, jambo ambalo wanafunzi wengi hulidharau.

Kabla ya kugusa pointi, magurudumu yapimwe. Ikiwa umbali kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja si sahihi, kurekebisha reli ni kuharibu kilicho kizima. Kisha behewa moja lisukumwe kwa kidole, polepole, kwa pande zote mbili na kwa njia zote mbili, na sikio lisikilize.

Likigonga kwenye ncha ya ulimi, huenda kuna punje ya mchanga inayouzuia kugandamana. Usafi kwanza, tupa baadaye. Ncha ikiwa butu, ichongwe kwa tupa laini hadi ukucha ukipitishwa kutoka reli ya kando usikwame. Likitumbukia au kugonga njia panda, mara nyingi kosa liko ng'ambo: reli ya kinga iko mbali mno na reli yake. Kipande chembamba cha bati kikigandishwa kwenye uso wake unaotazama reli hiyo, mfereji hupungua na ekseli huvutwa mahali pake. Kazi hii ifanywe kidogo kidogo, kwa kuwa mfereji ukizidi kuwa mwembamba ukingo utabana na gurudumu litapanda.

Hubaki tatizo la kupinda. Ubao uliotumika ukiwa mbichi hujikunja katika unyevu wa pwani, na pointi hujikunja nao. Rula ya chuma ilazwe juu ya reli, taa iwekwe nyuma yake. Mwanga ukipenya chini ya rula, hapo ndipo pa kuinuliwa kwa karatasi. Behewa likipita kimya kwa kidole, ndipo livutwe na injini.