Hisani na Haki katika Makao ya Vyama vya Kitaaluma: Mfano wa Burlington House, London

1.0 Utangulizi

Historia za vyama vya kitaaluma aghalabu hufuata hoja, uvumbuzi na machapisho yao. Nyumba zilimofanyika kazi hizo hutajwa kwa nadra. Makala haya yanadai kwamba haki ya chama juu ya makao yake ni sehemu ya uhai wake, sawa na fedha na wanachama. Dai hilo linachunguzwa kwa kutumia Burlington House, jumba lililoko Piccadilly, London, ambamo taasisi za ua mmoja zilipata hatima tofauti kwa sababu ya hati tu.

2.0 Ua Mmoja, Hali Mbili

Serikali ya Uingereza ililinunua jumba hilo mwaka 1854 kwa pauni 140,000. Mwaka 1857 Chama cha Kifalme cha Sayansi, Chama cha Linnaeus na Chama cha Kemia vilihamia humo. Ndimo iliposomwa, tarehe 1 Julai 1858, kazi ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace juu ya uteuzi asilia. Majengo mapya ya uani yalipokamilika katika miaka ya 1870, viliingia pia vyama vya Jiolojia, Astronomia na Mambo ya Kale, vikitokea Somerset House, ambako serikali ilihitaji nafasi ya ofisi zake. Vyama hivyo havikulipa kodi. Lakini pia havikupewa mkataba wa upangaji.

Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilifuata njia nyingine. Mwaka 1867 kilipata mkataba wa miaka 999 kwa kodi ya jina tu. Kwa zaidi ya karne moja tofauti hiyo haikuonekana, kwa kuwa mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuuliza.

3.0 Mwenye Nyumba Anapouliza

Swali liliulizwa mahakamani mwaka 2004: je, vyama vilikaa kwa haki au kwa hisani? Shauri halikufikia hukumu. Mwaka 2005 pande mbili zilipatana kwamba vyama vilipe kodi, itakayopanda hatua kwa hatua kuelekea bei ya soko katika kipindi cha miaka 80. Kanuni hiyo ilifuata thamani ya majengo ya eneo hilo, nayo ilipanda kuliko ilivyotarajiwa. Kodi ya Chama cha Mambo ya Kale iliongezeka zaidi ya mara 30 katika takriban muongo mmoja, kutoka kiasi cha pauni 4,800 hadi kiasi cha pauni 150,000 kwa mwaka.

Kuhama hakukuwa jambo jepesi. Chama cha Linnaeus, kwa mfano, hutunza vielelezo na vitabu vya Linnaeus mwenyewe, kilivyovinunua mwaka 1829. Mpangaji mwenye mzigo wa namna hiyo hana nguvu ya kubishana bei. Suala lilifika Bungeni mwaka 2021, na mwaka 2024 yakafikiwa mapatano juu ya mkataba wa miaka 999: muda uleule ambao Chuo cha Sanaa kiliupata mwaka 1867.

4.0 Mafunzo kwa Taasisi za Kiswahili

Wataalamu wa Kiswahili wanaufahamu uhamaji. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1930, ilihamia Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa, kabla ya kurejea Dar es Salaam. Utulivu ulipatikana ilipoingizwa katika Chuo Kikuu mwaka 1964. Humo ndimo ilimozaliwa TUKI, na baadaye TATAKI. Kamati ilipata paa kwa kuacha kujitegemea. Hiyo ni njia ya tatu, nayo ina gharama yake.

5.0 Hitimisho

Mfano huu unaonyesha kwamba wakati wa kudai hati ni pale mwenye nyumba anapomhitaji mpangaji, kama serikali ilivyohitaji Somerset House. Chama kinachotafuta makao hakina budi kukubaliana kwa maandishi juu ya mambo manne: muda, kanuni ya kupandisha kodi na kikomo chake, mwenye jukumu la matengenezo, na hatima ya maktaba na makusanyo endapo upangaji utakoma. Hisani hudumu kadiri anayeitoa anavyoikumbuka. Mkataba husomwa hata na asiyewajua walioutia sahihi.