Bwawa la Samaki la Mbao: Pima Kwanza, Jenga Baadaye



Leo tunajifunza kujenga bwawa dogo la samaki nyuma ya nyumba, kwa mbao na plastiki. Wengi wenu hapa Milanzi mmeniuliza habari zake. Mnasema viwanja vyetu ni vidogo, bonde liko mbali, na samaki wa Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika hufika kwetu wakiwa wamekauka au wakiwa ghali. Je, hatuwezi kufuga wetu hapa hapa uani?

Tunaweza. Lakini kwanza niwaambie kosa langu, ili ninyi msilirudie.

KOSA LA MWALIMU

Bwawa langu la kwanza nililijenga uani kwangu. Lilikuwa na urefu wa mita 3 na sentimita 60, na upana wa mita 1 na sentimita 80. Maji yalikuwa na kina cha sentimita 80, yote juu ya ardhi. Nguzo nilizisimamisha mbali mbali, na mbao nikazipigilia upande wa nje wa nguzo. Lilipendeza sana. Majirani walikuja kulitazama.

Usiku wa pili tulisikia kishindo. Ukuta mrefu ulikuwa umefunguka kama mlango. Maji yote yaliingia katika maharage ya jirani. Asubuhi mama yule alisimama penye tope, akaniambia, "Mwalimu, sisi umetufundisha kusoma. Maji wewe hukuyasoma."

Mke wangu hakusema kitu. Maji yale alikuwa ameyateka yeye na watoto, ndoo kwa ndoo.

Basi, leo tuyasome maji.

SOMO LA 1: MAJI YANA UZITO

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mita 1 ya ujazo ina lita 1,000, yaani tani nzima.

Tuhesabu bwawa langu. Urefu mara upana mara kina:

3.6 x 1.8 x 0.8 = 5.184

Hizo ni mita 5 za ujazo na kidogo. Ni lita 5,184, au kilo 5,184. Gunia la mahindi la kilo 100 unalijua. Bwawa hili ni kama magunia 52 yaliyorundikwa uani kwako.

Lakini mahindi hukaa ndani ya gunia. Maji hayakai. Yanasukuma kila upande, na chini yanasukuma zaidi kuliko juu. Ule ukuta wangu mrefu ulikuwa unasukumwa kwa nguvu ya kilo 1,152 mchana na usiku. Ni kama kuuegemeza magunia 11 na nusu. Misumari yangu ingeweza nini?

Sasa sikilizeni jambo kubwa la somo hili. Ukipunguza kina cha maji yanayosukuma mbao kuwa nusu, msukumo haupungui kuwa nusu. Unakuwa robo. Maji ya sentimita 40 yanausukuma ukuta ule ule kwa kilo 288 tu. Ni chini ya magunia 3.

Kwa hiyo, nusu ya bwawa iwe ndani ya ardhi na nusu juu. Ardhi ibebe msukumo wa chini, mbao zibebe wa juu. Hivyo ndivyo nilivyojenga mara ya pili.

SOMO LA 2: BARIDI YA UFIPA

Kuna sababu nyingine ya kuchimba. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku unatetemesha. Perege na sato wanapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi, wanaacha kula. Yakikaribia nyuzi 10 wanaanza kufa.

Bwawa lililo juu lote hupigwa na upepo pande zote. Hupoa upesi kama chai kwenye bakuli. Bwawa lililozama nusu hulindwa na ardhi. Hata hivyo, msitegemee samaki wa huku wakue upesi kama wa pwani au wa bondeni Rukwa. Fanyeni hivi:

1. Jengeni mahali penye jua tangu asubuhi, na pasipo upepo mkali. Ukuta wa nyumba au ua wa fito huzuia upepo.
2. Wekeni vifaranga mwezi wa 9, joto linapoanza. Vueni mwezi wa 5, kabla ya baridi kali.
3. Usiku wa baridi funikeni bwawa kwa plastiki au mkeka wa nyasi. Asubuhi funueni ili hewa na jua viingie.

SOMO LA 3: MBAO ZIPANGE VIPIMO

Sisi Ufipa tuna nyasi nyingi na miti michache. Mbao ni fedha. Usichore bwawa kwanza halafu ukatafute mbao. Tazama mbao inayouzwa, kisha panga bwawa likae sawa na mbao hiyo.

Mbao ya futi 12 ina urefu wa mita 3 na sentimita 60 hivi. Ukiikata katikati unapata vipande viwili vya mita 1 na sentimita 80. Ndiyo sababu vipimo vyetu ni 3.6 kwa 1.8. Hakuna kipande kinachotupwa.

Mahitaji ni haya:

- Mbao 6 za inchi 1 kwa 10, urefu futi 12. Nne zibaki nzima kwa kuta ndefu, mbili zikatwe katikati kwa kuta fupi. Kila ukuta una mbao mbili, moja juu ya nyingine. Zinatoa kimo cha sentimita 50.
- Nguzo 18 za mkaratusi, kila moja urefu wa mita 1 na sentimita 10.
- Miti 2 ya kupitisha juu kutoka ukuta hadi ukuta. Tutaiita mitambaa.
- Plastiki nzito au turubai zima lisilo na tundu, mita 6 kwa mita 4 na sentimita 20.
- Misumari ya inchi 3, na waya wa kufungia.

Nunueni mbao na nguzo za miti iliyopandwa. Msikate Msitu wa Mbizi. Msitu ule ni wa hifadhi, na maji ya Sumbawanga yanautegemea. Kukata chanzo cha maji ili kujenga bwawa ni sawa na kuuza jembe ili kununua mbegu.

SOMO LA 4: KUJENGA

Hatua ya 1. Sawazisha mahali. Tumia mpira mwembamba wenye maji kupima usawa. Bwawa lililoinama hulemea upande mmoja. Pasiwe mahali panapotuama maji ya mvua, maana maji ya chini yatainua plastiki yako.

Hatua ya 2. Piga kamba kuonyesha mstari wa mbao. Pima kona kwa kona, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, kona zako ziko sawa.

Hatua ya 3. Chimbia nguzo kila baada ya sentimita 60, nje ya mstari. Nguzo iingie ardhini sentimita 60, ibaki juu sentimita 50. Shindilia udongo kwa mawe.

Hatua ya 4. Pigilia mbao upande wa NDANI wa nguzo. Hapa ndipo nilipokosea. Mbao zikiwa ndani, maji yanazisukuma ziegemee nguzo. Zikiwa nje, maji yanazisukuma zing'oke. Kisha weka mitambaa miwili juu, uifunge kwa waya kwenye nguzo zinazotazamana, ili kuta zishikane.

Hatua ya 5. Chimba shimo katikati, kina sentimita 40. Acha upana wa kiganja kati ya shimo na mbao, ili ukingo usimomonyoke. Udongo usiurundike kwenye mbao. Utaleta mchwa na kuozesha.

Hatua ya 6. Toa mawe, mizizi na vichwa vya misumari. Tandika nyasi laini au magunia ya zamani, kisha plastiki. Usiivute. Iache ilegee kidogo, maji yataikandamiza yenyewe. Acha sentimita 30 zining'inie kila upande, uzibane kwa fito.

Jaza maji kidogo kidogo kwa siku tatu. Kila siku kagua nguzo. Ukiona mbao inatoa tumbo, simama hapo, ongeza nguzo. Jaza mpaka zibaki sentimita 10 juu.

Watu wengi hupaka nguzo oili chafu kwa ajili ya mchwa. Ukipaka, iwe sehemu ya kuingia ardhini tu, na ikauke kabisa. Oili ikifika ndani ya maji inaua samaki.

SOMO LA 5: NDOO 250 JUU YA KICHWA CHA NANI?

Udongo na mbao navyo hula nafasi. Tuseme bwawa linaingia karibu lita 5,000. Ndoo yetu ni lita 20.

5,000 : 20 = 250

Ni ndoo 250! Ndugu zangu wanaume, kabla ya kununua msumari wa kwanza, kaeni na wake zenu mjibu swali hili pamoja. Mimi sikuuliza, na ukuta ulipopasuka niliona aibu kuliko hasara.

Njia nzuri ni bati. Mvua ya milimita 1 kwenye paa la mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Paa la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 25, linaweza kutoa lita 1,000. Mvua tano kama hizo zimejaza bwawa. Kwa hiyo jenga na jaza wakati wa masika, tunza maji, na mwezi wa 9 uweke vifaranga. Wakati bwawa halina samaki, lifunike vizuri mbu wasizaliane. Maji ya bomba yenye dawa yakae wazi siku tatu kabla ya samaki kuingia.

SOMO LA 6: SAMAKI WANGAPI?

Bwawa letu lina eneo la mita 6 na nusu za mraba hivi. Hatuna mashine ya kuongeza hewa, kwa hiyo weka samaki 3 hadi 5 kwa kila mita. Ni samaki 20 hadi 30, basi. Atakayekwambia uweke 300 anataka kukuuzia vifaranga.

Waulizeni maafisa uvuvi mahali pa kupata vifaranga vizuri. Wakiwa madume watupu ni bora, maana perege huzaana sana, wakajaa, wakadumaa. Walisheni pumba na mashudu ya alizeti mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika kumi. Siku za baridi punguzeni. Asubuhi mkiona samaki wamekuja juu wanahema, hewa imepungua majini. Acheni kulisha, toeni sehemu ya maji, ongezeni maji mapya.

Maji machafu msimwage ovyo. Yana mbolea. Mwagieni mchicha na kabichi.

Wengine wameniuliza juu ya samaki wa rangi wanaoitwa koi. Hao asili yao ni wakulima wa Niigata, Japani. Walifuga samaki aina ya kapu kwa chakula, na katika miaka ya 1800 wakaanza kuchagua wale wenye rangi. Maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1914 yaliwatangaza. Wanavumilia baridi, lakini ni samaki wa kutazama, na ni wageni katika mito yetu. Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, samaki wengi wadogo wa ziwa lile walitoweka. Samaki mgeni asiachiwe mtoni kamwe.

MAMBO MAWILI YA MWISHO

La kwanza: watoto. Ukuta wa sentimita 50 ni mfupi kuliko mtoto anayeanza kukimbia. Zungusheni ua wenye mlango, na juu ya bwawa wekeni wavu wa kuku. Hili si la kuahirisha mpaka fedha zipatikane. Kama ua haujawa tayari, maji yasiingie.

La pili: ukweli wa faida. Samaki 30 ni kitoweo cha nyumbani, si biashara. Mwenye shamba bondeni, lenye udongo wa mfinyanzi na maji ya mfereji, achimbe bwawa la kawaida, asinunue mbao. Bwawa la mbao linamfaa mwenye ua tu, na anayetaka kujifunza ufugaji kabla ya kuingia katika gharama kubwa.

Bwawa langu la pili bado limesimama. Tulipovua, samaki watatu wa kwanza niliwapeleka kwa mama wa maharage. Aliwapokea, akasema, "Sasa umeyasoma."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mbao hupigiliwa ndani ya nguzo, si nje?
2. Bwawa lina urefu wa mita 2, upana mita 1, na kina mita 0.5. Linaingia lita ngapi? Ni ndoo ngapi za lita 20?
3. Mzunguko wa bwawa letu ni mita 10.8. Nguzo ziko kila sentimita 60. Onyesheni kwa hesabu kwamba zinahitajika 18.
4. Nyumbani kwako nani atateka maji, nani atalisha samaki, nani atakula kwanza? Mnaonaje, ni haki?